Neno la Kuvukia

Mtoto huvuka kwa neno. Ndivyo ilivyokuwa sheria ya shule ile, wala haikuwahi kubandikwa ukutani, kwa sababu kila aliyepita langoni, awe mzazi, awe mwalimu, awe mtoto wa darasa la kwanza mwenye kamasi, alikuwa ameisikia kabla hajajua kuhesabu. Siku ya kwanza ya mwaka wa masomo mzazi humshika mwanawe mkono, akampeleka kwanza kwenye mlango wa darasa lake la zamani. Hapo mwalimu aliyekaa na mtoto mwaka mzima humpa mzazi neno moja juu ya mtoto huyo, neno ambalo nyumbani hawalijui. Kisha mzazi na mwanawe huvuka ua hadi kwenye mlango wa darasa jipya, na sasa ni zamu ya mzazi kumpa mwalimu mpya neno ambalo shuleni hawalijui. Alama za mtihani hazikuhesabiwa kuwa neno. "Ana bidii" halikuwa neno, wala "ana adabu". Hayo, alisema mwenye kuitunga sheria, yanaweza kusemwa hata juu ya punda.

Mzazi asiye na neno alipewa ufagio, akafagia darasa huku akifikiri. Adhabu ya mwalimu ilikuwa nzito zaidi: jioni ileile alikwenda nyumbani kwa mtoto, akashika kazi yoyote aliyopewa na wenye nyumba, na hakuwa na ruhusa ya kuondoka mpaka neno lipatikane. Na mtoto aliyekosa neno hakuvuka. Siku hiyo alikaa katika darasa lake la zamani, magoti yakigonga dawati, miongoni mwa wadogo zake.

Bi Mstari alikuwa hajawahi kulipa adhabu ile.

Jina hilo alipewa na watoto, kwa jinsi alivyowapanga mbele ya darasa mpaka kivuli cha wa mwisho kikaingia ndani ya kivuli cha aliyemtangulia. Alilisikia, akajifanya hakulisikia, na moyoni akalipenda. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na katika walimu wote ni yeye peke yake aliyekuwa amefundishwa palepale na Mzee Kengele mwenyewe.

Huyo Mzee Kengele ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa zamani hizo, na ndiye aliyetunga sheria. Waliomwuliza kwa nini neno lisitolewe wakati wa kufunga mwaka, aliwajibu kwamba wakati huo masikio ya wazazi huwa yamejaa alama, na sikio lililojaa halipokei kitu. Aligonga velgi ya lori, iliyokuwa ndiyo kengele ya shule, kwa mkono wake kila asubuhi, amevaa tai, na akimaliza kugonga alikishika kile chuma kwa kiganja ili kinyamaze, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Bi Mstari alikuwa bado akiisikia sauti ile. Hata sasa, aliponusa sakafu iliyopigwa dawa kwa ajili ya kufungua shule, na chaki mpya ambayo haijavunjwa, alijiona amesimama katika ua uleule akiwa amevaa gauni lililokatwa kutoka katika pazia, mkono wake umo katika mkono wa bibi yake. Bibi hakujua kusoma, lakini alijua kusimama mbele ya watu.

"Huyu," bibi alimwambia Mzee Kengele, "haogopi giza wala mbwa. Anaogopa kuchekwa."

Mwaka ulipopinduka walirudi, na Mzee Kengele akalipa neno kwa neno. "Mjukuu wako," alisema, "hulifuta kosa la mwenzake ubaoni kabla darasa halijapata nafasi ya kucheka." Bibi aliinama akashukuru. Njia nzima ya kurudi nyumbani alilirudia neno lile polepole, midomo ikitembea, kama mtu aliyejitwika chungu kilichojaa asitake tone limwagike. Kama kuna siku Bi Mstari alikata shauri kuwa mwalimu, ilikuwa siku ile, ingawa alikuwa bado akipoteza meno ya utotoni.

Asubuhi hiyo ya mwaka mpya alisimama mlangoni pa darasa lake kama alivyosimama miaka yote, akitoa maneno kwa wanaoondoka na kupokea maneno ya wanaoingia. Ua ulikuwa umejaa. Watoto walinuka sabuni na viatu vipya, na wazazi walikuwa na uso ule wa watu waliovaa nguo za kanisani siku ya kazi. Mbele ya mstari wa wanaoingia alisimama mama wa mapacha, mwanamke mnene wa sauti kubwa ambaye hakuna mwaka aliokwepa ufagio.

"Mwalimu, mwaka huu nimejitayarisha," alisema. "Nimewaletea neno moja lao wote wawili, maana tumbo lilikuwa moja."

"Tumbo lilikuwa moja, vichwa ni viwili," alijibu Bi Mstari. "Maneno mawili."

"Haya. Huyu wa kushoto anakojoa kitandani."

"Mama!" alilia wa kushoto. "Siyo mimi, ni huyu!"

"Ni mimi?" alisema wa kulia. "Nani alianika godoro jana?"

Watu wakaangua kicheko, na mama wa mapacha akainua mikono juu. "Unaona, mwalimu? Mimi niliyewazaa wananichanganya, wewe utawaweza? Nipe ufagio wangu."

"Upo palepale ulipouacha mwaka jana."

Kando yao, katika mstari wa wanaoondoka, alikuja dobi.

Alikuwa mwanamume mpole mwenye vidole vilivyosinyaa kwa maji, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi hivi kwamba mkunjo wa mkono ungeweza kukata karatasi. Kando yake alikuwa binti yake wa pekee, ambaye tangu azaliwe, kwa udogo wake, mama yake alimwita Nukta, na jina likamganda. Nukta alikuwa amemshika baba yake kwa vidole viwili tu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hamjambo nyumbani?"

"Tupo, mwalimu. Nimekuja kuchukua neno."

Bi Mstari akafungua kinywa. Na kama mtu anayefungua kabati alilolipanga kwa mikono yake mwenyewe akakuta rafu haina kitu, alibaki ameduwaa. Alijua mwandiko wa Nukta. Alijua dawati lake, la tatu upande wa dirisha. Alijua kwamba hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kupigana, hakuwahi kulia darasani, hata mama yake alipofariki katikati ya mwaka. Bi Mstari aliongoza darasa zima mazikoni, watoto wawili wawili, maua mkononi, mstari umenyooka. Kisha walirudi, na mtoto hakumsumbua mtu, naye akahesabu kwamba hilo ni jambo jema. Darasa lenye kelele lina njaa kubwa. Wenye kupiga kelele hupakuliwa kwanza, na anyamazaye hubaki na sahani tupu mpaka mwisho wa mwaka.

"Binti yako," alianza, "ni mtulivu."

"Hilo nalijua, mwalimu." Dobi aliongea kwa sauti ya chini, asije akasikiwa na mstari. "Utulivu wake ndio unaoninyima usingizi. Tangu tumzike mama yake, nyumbani hanijibu ila 'ndiyo' na 'hapana'. Anakula. Anaoga. Ukimtuma anakwenda. Lakini ni kama ameniachia kivuli, mwenyewe kaenda zake."

"Anaandika vizuri sana..."

Dobi alitikisa kichwa, bila hasira. "Dada yangu amekuja, na kesho asubuhi anasafiri. Anataka amchukue, akakae kwake na binti zake. Huenda ana haki. Mimi mwanamume mmoja na mapasi yangu, nitamlea vipi mtoto wa kike? Nikamwambia dada, ngoja. Shule itakuwa na neno. Kama huku mwanangu yuko hai, nitamwacha hapa. Kama na huku hamumjui, basi usiku huu nitamfungia nguo zake."

Nukta alikuwa akitazama ncha za viatu vyake vilivyong'arishwa. Haikujulikana kama amesikia.

Mwalimu mkuu alikuwa amesogea, kengele ya mkononi ikiwa kwapani. Alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Bi Mstari, aliyefundishwa naye kusoma, na hata sasa alipomkaribia alificha mkono wake mmoja mgongoni, kama anayeficha doa la wino. Akainamia sikio lake.

"Mwambie anapenda hadithi, mwalimu. Mtoto gani hapendi hadithi? Huyu baba atafurahi, na mtoto atabaki."

"Na wewe ulipokosa neno kwa mtoto wa mwashi," aliuliza Bi Mstari bila kugeuka, "nilikushauri useme nini?"

Mwalimu mkuu aliikaza kengele kwapani. "Uliniambia nikachanganye udongo."

"Ulichanganya?"

"Mpaka kiunoni, mwalimu."

Bi Mstari alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitambaa chake, akaivaa tena. Uongo wa kumfariji mzazi ulikuwa mlangoni, umekwisha vaa viatu. Lakini aliufikiria ukienda nyumbani na dobi, ukiketi naye mezani, ukimtazama mtoto usimtambue. Akamtazama dobi usoni.

"Sina neno," alisema.

Mstari wote ukageuka kutazama. Hata ufagio wa mama wa mapacha ukasimama katikati ya vumbi.

"Nitakuja jioni," aliendelea. "Kazi mtakayonipa nitaishika."

"Kazi yangu ni ya maji na moto, mwalimu," dobi alisema kwa shida, kana kwamba ni yeye aliyekosa.

"Nina mikono."

Basi Nukta hakuvuka. Wenzake walivuka ua mbele ya macho yake, yeye akaingia tena katika darasa la zamani na kuketi penye dawati la tatu upande wa dirisha. Wadogo waliokuwa wameingia walimtazama kama watu wanavyomtazama abiria aliyeachwa. Bi Mstari alifundisha, lakini chaki ilimwendea vibaya siku nzima. Mara mapacha walitaka kuhamisha benchi ili wakae karibu na ubao. Mmoja akanyanyua upande wake, mwenzake akakimbilia jambo lingine, na benchi likabaki limeinuka upande mmoja kama mashua iliyokwama. Nukta alitoka mahali pake, akashika upande wa pili, wakalipeleka. "Asante," alisema Bi Mstari, bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari la mahudhurio.

Jioni alikwenda.

Chumba cha dobi kilikuwa kimoja kirefu, mbele meza ya kupigia pasi iliyovishwa blanketi kuukuu, nyuma mlango uliofunguka kwenye kiwanja cha kamba na beseni. Hewa ilikuwa na harufu ya mkaa, wanga na nguo zilizolala juani. Mafurushi yalipangwa ukutani kila moja na fundo lake, na pembeni palikuwa na kapu kubwa la mashuka ya nyumba ya wageni, meupe yote, yakisubiri kukunjwa. Shangazi wa mtoto, dada mkubwa wa dobi, alikuwa amekaa juu ya begi lake la safari, tayari limefungwa. Kando yake palikuwa na begi jingine dogo, jipya, tupu, mdomo wazi.

"Ndiye huyu Bi Mstari?" alisema shangazi. "Karibu, mwenzangu. Nilidhani walimu wa siku hizi wanaogopa maji."

"Walimu wa siku hizi sijui," alijibu Bi Mstari akikunja mikono ya blauzi yake. "Mimi ni wa zamani."

Dobi alimwonyesha kapu. "Haya ndiyo rahisi, mwalimu. Mashuka tu."

Kwenye ukuta mkabala na kapu palikuwa na misumari miwili, imegongomewa kwa umbali wa mikono ya mtu aliyenyoosha mabega, na kwa kimo cha mwanamke wa wastani. Dobi alichukua shuka la kwanza, akalitundika pembe mbili kwenye ile misumari, akarudi nyuma na pembe nyingine mbili mikononi, akavuta, akakunja, akauendea ukuta. Kazi ilikuwa safi. Ilikuwa pia kazi ya kusikitisha, kama kucheza karata na kiti.

"Ulikuwa unakunja na nani zamani?" aliuliza Bi Mstari.

"Na mama yake." Dobi alitazama upande wa mtoto, aliyekuwa ameketi juu ya furushi, mikono mapajani. "Na huyu pia, alipokua kidogo. Wakipokezana."

Bi Mstari akashika shuka. Alilitundika kama alivyoona, akavuta, akakunja, na pembe moja ikapitiliza mwenzake kwa upana wa kiganja. Akarudia. Safari hii likatoka limepinda kama njia ya mlevi.

"Ee, Bi Mstari!" shangazi alicheka hadi begi likalia chini yake. "Na mstari wenyewe uko wapi?"

"Uko shuleni, dada. Nimeuacha ulindwe na mwalimu mkuu."

Hata dobi alitabasamu. Lakini jua lilikuwa likishuka, begi dogo lilikuwa bado mdomo wazi, na neno halikuwako. Bi Mstari alimtazama mtoto kila alipopata nafasi, akitafuta, na kadiri alivyotafuta ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mtoto mtulivu aliyeketi juu ya furushi. Alijaribu kumwuliza hili na lile. "Ndiyo, mwalimu." "Hapana, mwalimu." Akamkumbuka Mzee Kengele. Mara moja tu walimwona akilipa: mwalimu mkuu mzima, na tai yake, anachota maji kwa mama mmoja mjane, na watoto wa mtaa mzima wamejipanga barabarani wakicheka. Hakukasirika. "Chekeni," aliwaambia, "lakini mmoja aje ashike mshikio wa ndoo." Wakati ule Bi Mstari alidhani mzee alikuwa amechoka.

Shuka la nne au la tano lilichomoka kwenye msumari. Bi Mstari alikuwa amevuta mno. Nusu ya shuka ikaanguka kuelekea sakafuni, naye akabaki na pembe zake mbili, mikono imenyooshwa, hana la kufanya.

Nukta aliinuka.

Hakuitwa. Hakumtazama mtu. Alizidaka zile pembe kabla hazijagusa vumbi, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kitambaa kikakazika, akasimama: miguu kando kidogo, viwiko vimebana mbavu, macho yameelekezwa kwa Bi Mstari, yakingoja. Na Bi Mstari akasahau kukunja, kwa sababu namna ile ya kusimama aliijua. Alikuwa ameiona tangu katikati ya mwaka.

Aliiona pale penye ramani kubwa ya dunia, ile isiyotundikika na mtu mmoja: upande mmoja Bi Mstari mwenyewe, upande wa pili, kila mara, mikono miwili midogo. Aliiona kwenye ndoo ya maji ya kunawia. Aliiona kwenye benchi, asubuhi ya leo! Na aliiona uani, kwenye kamba ya kuruka, ambapo wasichana huruka kwa zamu na kugombania zamu, na yuleyule mmoja huzungusha kamba tangu mwanzo wa mapumziko hadi kengele, viwiko vimebana mbavu, haruki hata mara moja. Bi Mstari alikuwa amemwona akasema moyoni, huyu hapendi mchezo. Akapita.

Walikunja lile shuka, yeye na mtoto. Pembe zilikutana sawasawa.

"Nimelipata," alisema Bi Mstari.

Dobi aliweka pasi juu ya kigae chake. Shangazi aliacha kutafuna kucha.

"Binti yako hushika upande wa pili," alisema Bi Mstari, na alisimama wima kama anayesomesha ubaoni, ingawa sauti yake haikuwa ya ubaoni. "Hilo ndilo neno. Popote penye kazi ya watu wawili na mtu mmoja, yeye huinuka akaenda. Haitwi, wala hasemi. Benchi, ramani, ndoo, kamba ya wenzake. Tangu siku tuliporudi kutoka mazikoni, hakuna mtoto wala mwalimu katika darasa langu aliyebaki ameshika kitu peke yake. Mimi nimempa asante nyingi bila kuinua kichwa."

Dobi alimtazama binti yake.

"Umesema ameenda zake," aliendelea, polepole zaidi. "Hakwenda. Kila siku anasimama mahali pa mtu asiyekuwapo. Ila kwenu hapa, baba, sijaona mahali alipoachiwa."

Dobi aligeuka akaitazama misumari. Aliitazama kama mtu anayesoma maandishi ya mkono wake mwenyewe akaona amekosea neno la kwanza.

"Niliipigilia kwa ajili yake," alisema. "Wiki ileile. Nilisema asije akakamata shuka akamkumbuka mama yake. Nikamwambia, wewe pumzika, mwanangu, kaa pale. Naye akakaa."

"Mdogo wangu," shangazi alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha, "ulimpumzisha mtoto kazi ya mama yake."

Dobi alichukua koleo kutoka chini ya meza. Msumari wa kwanza ulitoka kwa kelele, ukaleta na kipande cha chokaa. Wa pili ulitoka kimya. Akaiweka yote miwili mezani kando ya pasi. Kisha akachukua shuka kutoka kapuni, na hapo akasimama nalo, akiwa amelishika lote peke yake, kama mtu aliyesahau ufundi wake.

Nukta alimwendea. Alizitafuta pembe mbili ndani ya ule weupe, akazipata, akarudi nyuma.

"Vuta, baba," alisema.

Dobi akavuta. Shuka likatoa sauti ile ya kitambaa kikavu kinaponyooka.

"Njoo."

Dobi akaja. Pembe zikagusa pembe, mkono wa baba ukagusa mkono wa mwana, na mtoto hakuziachia. Alimwinulia baba yake macho, akingoja, kwa maana lilikuwa limebaki neno moja ambalo halikuwa lake kulisema. Mkewe dobi alilisema kila shuka, mwaka baada ya mwaka, akiziambia pembe zinapokutana, na wateja waliosimama penye meza walimcheka kwa hilo.

"Salimianeni," alisema dobi. Sauti ilikwaruza, lakini ilifika.

"Hujambo, pembe," alisema Nukta, naye akaongeza, "Baba, unalia juu ya shuka la watu."

"Litafuliwa," dobi alisema. "Mimi ni dobi."

Shangazi aliinuka kwenye begi lake. Alilichukua lile dogo, tupu, akalifunga mdomo. "Basi nafasi moja garini itakaa bure," alisema. "Mwanangu, utakuja kwangu likizo, uje unishikie mimi mashuka yangu. Sasa nipisheni nikalie huko kiwanjani, hapa pamejaa."

Bi Mstari alianza kuteremsha mikono ya blauzi yake. "Nimelipa?" aliuliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwauliza watoto kama wamemaliza hesabu.

"Neno limepatikana, mwalimu," alisema dobi. "Una ruhusa ya kwenda."

Alitazama kapu. Lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Akaikunja mikono ya blauzi upya, shangazi aliporudi na macho mekundu akampa pembe mbili, na wakakunja wanne, wawili wawili, mpaka kapu likabaki tupu. Shangazi hakuacha kumcheka Bi Mstari hata kwenye shuka la mwisho.

Asubuhi dobi na binti yake walikuja mapema, kabla ya kengele. Hawakukawia mlangoni pa Bi Mstari, kwa kuwa neno walikuwa nalo tayari. Aliwatazama wakisimama kidogo mwanzoni mwa ua, mahali palepale aliposimama yeye na gauni lake la pazia, na aliona midomo ya dobi ikitembea. Mwalimu mkuu alikuja akasimama kando yake, kengele kwapani, mkono mmoja mgongoni.

"Umelipa, mwalimu?"

"Nimelipa."

"Walikupa kazi gani?"

"Kukunja mashuka."

"Nina hakika yalinyooka kama rula."

"Yalipinda," alisema Bi Mstari. "Yalipinda vibaya sana."

Mwalimu mkuu alimgeukia, asijue kama anaruhusiwa kucheka, na alipoona kwamba anaruhusiwa akacheka mpaka kengele ikalia yenyewe kwapani. Ng'ambo ya ua, kwenye mlango wa darasa jipya, dobi alikuwa amevua kofia. Mwalimu kijana wa darasa hilo aliinama kusikiliza.

"Huyu," sauti ya dobi ilivuka ua wote, "akinyamaza, usimpumzishe. Mpe upande wa pili."

Kisha akauachia mkono wa mtoto ndani ya mkono wa mwalimu, na Nukta akavuka.